Nyumba Wazi za Wasanii (Brighton)

Nyumba Wazi za Wasanii ni tamasha la sanaa linalofanyika kila mwaka mwezi Mei katika mji wa Brighton, kusini mwa Uingereza. Kwa Kiingereza huitwa Artists Open Houses. Wikendi za mwezi huo wasanii hufungua nyumba wanamoishi, hutundika kazi zao ukutani na kupokea wageni bila kiingilio. Wengine hufungua tena kabla ya Krismasi.

Historia

Brighton ni mji wa pwani, na tamasha lake kubwa la sanaa, Brighton Festival, lilianza mwaka 1967. Mwaka 1982 mchoraji Ned Hoskins, mkazi wa mtaa wa Fiveways, alifungua nyumba yake wakati wa tamasha hilo ili kuonyesha kazi zake na za rafiki zake. Wasanii wengine wakafuata mfano huo, mtaa kwa mtaa. Leo nyumba zinazoshiriki hupangwa katika njia za kutembelea, na mgeni hushika ramani akapita kutoka nyumba hadi nyumba. Njia moja hufika hadi kijiji cha Ditchling, nje ya mji. Mwezi Mei 2020 milango haikufunguliwa kwa sababu ya janga la Uviko-19.

Mji huo una wasanii wengi kwa sababu una chuo cha sanaa cha zamani. Kilianza mwaka 1859 katika majiko ya Royal Pavilion, jumba la kale la kifalme, na sasa ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Brighton. Kwa hiyo sanaa kuingia jikoni si jambo geni pale.

Kazi zinazoonyeshwa

Ingawa sanaa dhahania nayo ipo, kazi nyingi huonyesha maumbo yanayotambulika: watu, wanyama, nyumba, mandhari. (Michoro ya Tingatinga ya Tanzania ni ya aina hiyo pia.) Kuna picha za rangi, picha za kuchapwa kwa bamba lililochongwa, vyombo vya udongo na sanamu ndogo. Kitu kinachochorwa mara nyingi ni gati la magharibi, West Pier, lililofunguliwa mwaka 1866, likafungwa 1975 na kuungua moto mwaka 2003. Mabaki yake ya chuma bado yamesimama baharini, na jioni za majira ya baridi makundi makubwa ya ndege huruka juu yake.

Picha ya namna hii husomeka tofauti ikiwa nyumbani. Mgeni anaijua pwani ile. Pengine anamjua hata mtu aliyechorwa. Anaiona juu ya kochi, kwenye mwanga wa dirisha la kawaida, na mchoraji yuko karibu kuulizwa. Katika ukumbi wa maonyesho watu wengi huogopa hata kuuliza bei.

Mauzo na matatizo yake

Nchini Uingereza kumbi za kibiashara mara nyingi hukata karibu nusu ya bei ya picha. Anayeuza sebuleni kwake hubaki na sehemu kubwa zaidi, ingawa hulipa ada ya kujiandikisha, na msanii mgeni katika nyumba ya mwenzake kwa kawaida humwachia mwenye nyumba kiasi fulani. Kwa msanii asiye na jina kubwa, wikendi hizo chache zinaweza kuwa soko lake kuu la mwaka.

Lakini mfumo huu unadai nyumba. Brighton ni mji wenye kodi kubwa, na msanii kijana aliyepanga chumba kimoja hana ukuta wa kualika watu. Hulazimika kuomba nafasi kwa mwenye nyumba, ambaye ndiye anayechagua nani ataonyesha. Tena wapo wageni wanaokuja zaidi kuona nyumba za watu na kula keki. Hilo wasanii wanalijua, na keki huoka hata hivyo.

Matamasha ya namna hiyo hufanyika pia Dulwich, kusini mwa London, na katika wilaya ya Oxfordshire.