Piksha za Usiku Zinajaa Chenga? Kabla Ulaumu Simu Yako, Soma Hii

Disemba tulikuwa ocha, upande wa Mutomo huko Kitui, kwa ntheo ya binamu yangu. Ishafika saa tatu usiku, stima hakuna, wazee wamezunguka moto na kaluvu yao. Umau wetu alikuwa anacheka vile sijawahi kumwona akicheka. Nikatoa simu, nikachapa. Na si simu ya mchezo, wasee: megapikseli 108, nilijinyima miezi mitano ndio niinunue.

Piksha ikatoka chenga tupu. Shati jeusi la umau limejaa vidoti vya kijani na zambarau, uso kama TV iliyopoteza stesheni. Nikadhani nimeuziwa feki. Kumbe ni fizikia.

Iko hivi. Ndani ya kamera kuna kipande cha silikoni kimegawanywa visanduku vidogo sana, yaani pikseli. Mwanga ukiingia unafungua elektroni, simu inazihesabu, na hesabu hiyo ndiyo piksha. Sasa, mwanga hauji kama maji ya mfereji. Unakuja tone tone. Kukiwa giza, kisanduku kimoja kinapata matone 12, jirani yake 7, na vyote viliangalia shati moja. Juu ya hiyo, joto lenyewe linaongeza kelele.

Hii kelele ya joto ina historia. 1827, Robert Brown aliona chembe ndogo kutoka kwa chavua zikicheza majini bila mtu kuzisukuma. Mpaka 1905 ndio Einstein akaeleza poa: maji yenyewe yanatetemeka kwa sababu ya joto, yanazigonga kila upande. Halafu 1928, John Johnson na Harry Nyquist wa Bell Labs, Marekani, wakaonyesha hata elektroni ndani ya waya zinacheza hivyo, na ukipasha waya joto, kelele inapanda. Sehemu ya ile "shhhh" unayosikia ukitafuta Musyi FM ni hiyo.

Mbona basi meza haitetemeki? Ukubwa ndio unaficha. Fikiria boda. Msee mmoja leo anabeba watu 15, kesho 6, hajui kesho kutwa. Lakini hesabu boda zote za Kitui mjini pamoja, jumla ya leo na kesho ni karibu sawa. Kwa pikseli, ukitarajia matone 100, yatayumba kwa kama 10, hiyo ni asilimia 10. Ukitarajia 10,000, yatayumba kwa 100, asilimia moja tu. Kitu kikiwa kidogo, kelele inakitawala.

Hapo ndipo megapikseli zinatuchezea. Kuweka visanduku milioni 108 kwa sensa inayotoshea kwa ukucha, kila kimoja lazima kiwe chini ya maikromita moja. Unywele wako ni kama 70. Ndio maana simu nyingi za aina hii huunganisha visanduku 9 viwe kimoja: mwanga unakuwa mara 9, kelele mara 3 pekee. Piksha unayopata ni ya megapikseli 12. Ulilipia 108, manze.

Na simu ikichemka? Kwa piksha ya haraka tofauti ni ndogo. Lakini ukiacha kamera wazi sekunde kadhaa, kuna elektroni zinazochomoka kwa joto tu, bila mwanga, na zinakaribia kuwa mara mbili kila joto likipanda digrii 6 hadi 8. Telesikopu ya James Webb ina kamera moja iliyopoozwa hadi chini ya digrii -266. Sisi tuko Mutomo.

Nikapitisha piksha kwa apu ya kusafisha. Chenga zikaisha. Kovu la umau shavuni nalo likaisha. Hapa ndipo entropia inaingia: njia za vidoti kupangika ovyo ni nyingi kupita hesabu, njia za kuwa uso wa umau ni chache. Vikishachanganyika, habari iliyopotea hairudi, kama vile huwezi kutoa chumvi kwa muthokoi. Apu haikumbuki uso wake. Inabahatisha kutokana na nyuso za watu wengine.

Umau alituacha Machi. Kwa mazishi tuliweka ile iliyosafishwa, na susu akaiangalia kitambo akauliza huyu ni nani. Tukaichapisha upya ile ya chenga.

So ukienda ocha: weka simu juu ya kiti au ukuta, washa mtindo wa usiku, mwambie mzee atulie kidogo. Simu itapiga piksha nyingi na kuzijumlisha. 16 zikiungana, kelele inashuka mara 4. Kama ilikuwa chaji au gemu, iache ipoe kwanza. Na orijino usifute.