Mahindi, molasi na kwato za farasi

Leo tuongelee farasi. Msicheke, maana yanayompata farasi yanampata na punda, na punda tunao kibao, Lamu mpaka Dodoma.

Farasi chakula chake ni nyasi, angalau kilo 1.5 za nyasi kavu kwa kila kilo 100 za mwili, kila siku. Tumbo lake dogo, kwa hiyo anakula kidogo kidogo kutwa. Sasa soma vibandiko vya vyakula vya viwandani na virutubisho vyake: mahindi, molasi, dekstrosi, maltodekstrini. Hizo ni sukari, au wanga unaogeuka sukari chapchap. Molasi peke yake karibu nusu ni sukari.

Kasheshe iko hapa. Wanga humeng'enywa kwenye utumbo mwembamba, ambao uwezo wake una kikomo. Ukizidisha, unaobaki unaporomoka mpaka utumbo mpana, kwenye vijidudu vya kusaga nyasi. Vinavyopenda wanga vinazaliana, vinamwaga asidi, vile vya nyasi vinakufa. Tumbo linasokota. Halafu balaa linashuka miguuni, laminaitisi: tishu inayoshika ukwato na mfupa inaharibika na kuachia, mfupa unaweza hata kutoboa wayo. Akifika hapo mara nyingi ni kumuua tu asiteseke.

Wataalamu wengi siku hizi wanashauri wanga usizidi gramu 1 kwa kila kilo ya mwili kwa mlo. Farasi wa kilo 500 ni gramu 500, na mahindi ni wanga kama asilimia 70, yaani gramu 700 za mahindi ushamaliza. Ndo maana kupima kwa kopo kunaponza: kopo lilelile la mahindi ni zito kuliko la oti, na wanga wake mwingi zaidi.

Wauzaji wanasema farasi wa mbio anahitaji sukari baada ya mbio kama mwanariadha. Mi hainiingii. Binadamu akila vizuri misuli inajaa tena ndani ya siku moja hivi, farasi hata umpe wanga anachukua siku mbili tatu.

Punda ndo kabisa, kaumbwa kwa majani makavu. Kabeba maji kutwa, jioni anamwagiwa ndoo ya unga kama shukrani! Mpe majani na maji ya kutosha, nafaka kiduchu tena kwa kugawa. Ukiona hataki kutembea, anahamisha uzito mguu hadi mguu na kwato zina moto, simamisha nafaka hapohapo, ita daktari wa mifugo.