Mpaka Uliouzunguka Mlima Kilimanjaro

Msomaji akiifunua ramani ya Afrika ya Mashariki, ataona mstari utokao baharini karibu na Vanga ukielekea kaskazini-magharibi mpaka Ziwa Victoria. Karibu mstari wote umenyoka kana kwamba umepigwa kwa rula. Lakini ufikapo Kilimanjaro hujipinda, ukauzunguka mlima kwa upande wa kaskazini, kisha ukanyoka tena. Huo ndio mpaka wa Kenya na Tanzania, na urefu wake katika nchi kavu wapita kilomita 700.

Kwa ajili ya pindo hilo watu wametunga hadithi. Husemwa kwamba Malkia Victoria wa Uingereza alikuwa na milima miwili yenye theluji, na mjukuu wake Wilhelm wa Ujerumani hakuwa na hata mmoja. Basi bibi akampa mjukuu Kilimanjaro iwe zawadi ya siku yake ya kuzaliwa. Hadithi hiyo yapendeza kusikia, na hata walimu wameifundisha darasani, lakini si kweli. Mpaka uliandikwa mwaka 1886, na Wilhelm huyo hakutawala Ujerumani mpaka mwaka 1888. Tena Malkia hangeweza kutoa mlima ambao serikali yake haikuwa imeumiliki.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Katika mwaka 1884 Mwingereza mmoja, Harry Johnston, alifika Kilimanjaro. Alikuwa amepelekwa na vyama vya wataalamu akusanye mimea na wanyama, lakini aliporudi alikuwa pia na karatasi ya mapatano ya ardhi aliyoandikiana na wakuu wa Taveta. Mwaka uliofuata Sultani Barghash wa Unguja akampeleka jemadari wake, Lloyd Mathews, naye akapata maneno ya utii kutoka kwa wakuu wa Uchaga na Taveta. Punde si punde akaja Mjerumani, Karl Jühlke, akaandikiana mkataba na Mangi Rindi wa Moshi, ambaye wageni walimwita Mandara. Kwa hiyo mlima mmoja ulikuwa na karatasi za watu watatu, na kila mmoja alidai kwamba yake ndiyo ya haki. Mangi Rindi hakuwa mjinga. Alikuwa na adui zake mlimani, na kila mgeni mwenye bunduki alikuwa rafiki wa kutumainiwa. Ni shida kuamini kwamba alidhani anaiuza nchi yake kwa kutia alama katika karatasi.

Waingereza na Wajerumani, ambao wazee wa pwani huwaita Wadachi, walipatana kwa kuandikiana barua mwishoni mwa Oktoba na mwanzoni mwa Novemba 1886. Walisema mpaka utatoka kwenye mlango wa mto Umba, uende moja kwa moja mpaka Ziwa Jipe, upite mashariki na kaskazini ya ziwa hilo na kuuvuka mto Lumi. Kisha upite katikati ya nchi ya Taveta na nchi ya Uchaga, uambae chini ya Kilimanjaro upande wa kaskazini, na toka hapo unyoke mpaka mahali ambapo digrii ya 1 ya kusini yakutana na pwani ya mashariki ya Ziwa Victoria. Hapo ndipo pindo lilipozaliwa. Taveta ilikuwa na karatasi ya Johnston, ikawa upande wa Waingereza. Moshi ilikuwa na karatasi ya Jühlke, ikawa upande wa Wajerumani. Karatasi ya Sultani haikuhesabiwa. Yeye aliachiwa ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10, na mwezi wa Desemba akakubali jambo lililokwisha kuamuliwa na wengine. Wachaga, Wataveta na Wamasai hawakuulizwa neno.

Kila mkulima ajua kwamba kutaja mpaka kwa maneno si sawa na kuutia katika ardhi. Mchaga hupanda masale penye mpaka wa kihamba chake, na jirani huona kwa macho. Mabwana walioandikiana mwaka 1886 hawakupanda kitu. Mwaka 1892 serikali mbili zilituma watu wao kuutafuta mpaka huo katika nchi kuanzia pwani hadi Kilimanjaro; upande wa Wajerumani alikuwa Carl Peters. Makubaliano ya mwaka 1893 yakauweka mwanzo wa mpaka Ras Jimbo badala ya mlango wa Umba, na mji wa Vanga ukabaki kwa Waingereza. Sehemu ndefu zaidi, toka Ziwa Victoria hadi Kilimanjaro, ilingoja wapimaji wa mwaka 1904 hadi 1906. Hao ndio walioutembelea mstari kwa miguu, wakiutia alama nyikani.

Kwa nini mstari ukanyoka mno kati ya mlima na ziwa? Kwa sababu walioupiga hawakuijua nchi ile. Mahali palipojulikana palipata pindo. Mahali pasipojulikana palipata rula. Rula hiyo ikakata malisho ya Wamasai, na huko magharibi ikawagawa Wakuria, ndugu wakawa katika nchi mbili. Vivyo hivyo Wadigo kule pwani.

Lakini uzito wa mpaka si siku zote mmoja. Baada ya vita ya 1914 hadi 1918 Tanganyika ilitawaliwa na Waingereza vilevile. Shilingi ikawa moja pande zote mbili, na reli iliyojengwa wakati wa vita kutoka Voi kupita Taveta iliunganishwa na reli ya Moshi. Mstari ulibaki katika ramani, ila mwenye ng'ombe hakuusikia sana. Uhuru ulipopatikana, Tanganyika mwaka 1961 na Kenya mwaka 1963, wakuu wa nchi za Afrika walikutana Cairo mwezi wa Julai 1964, wakaazimia kuiheshimu mipaka iliyokuwapo siku ya uhuru. Waliogopa kwamba ukihamishwa mmoja, yote itadaiwa. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, Tanzania iliufunga mpaka. Nguzo hazikusogea hata hatua moja, lakini mtu wa Taveta mwenye shemeji Himo aliwekwa mbali naye na sheria mpaka mwaka 1983. Tangu mwaka 2016 wasafiri wa Taveta na Holili hukaguliwa mara moja tu: aendaye Tanzania huwakuta maofisa wa nchi zote mbili upande wa Holili, naye aendaye Kenya huwakuta upande wa Taveta.