Maana ya "Speak Up"

Katika Kiingereza kisemwacho Nairobi yamo maneno mawili yaendayo pamoja, "speak up". La kwanza, likiwa peke yake, ni kusema. La pili ni juu. Lakini mkalimani atakayeyafasiri moja moja atawapoteza wasikizaji wake. Mathalani, katika baraza huko Kawangware mama mzee aeleza kwa sauti ya chini habari za mtaro ulioziba, na ofisa asiyemsikia amwambia, "Speak up." Mkalimani akisema, "Mama, sema juu," yule mama hatajua kama amekosea au ametakiwa apande jukwaani. Iliyotakiwa ni, "Mama, tafadhali paza sauti kidogo." Hili laonekana dogo, lakini mama akidhani amekemewa ataketi, na habari ya mtaro itaketi naye.

Maana ya pili haihusu ukubwa wa sauti. Ni kusema waziwazi jambo ambalo wengine wamelinyamazia, hata kama limesemwa kwa barua. Tena likifuatwa na "for", maana yake ni kumtetea mtu. Mwingereza huongeza kijineno baada ya kitendo; Mswahili hugeuza mwisho wa kitendo chenyewe: sema, semea, semesha, semezana. Ila kusemea kuna hila, maana mtoto amsemeaye mwenziwe kwa mwalimu huwa anamshitaki! Kwa hiyo karani mwangalifu ataandika kutetea.

Mfano mzuri wa maana hiyo umo Kibera, mahali palipopata jina kutokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Wazee wa Wanubi walikuwa askari wa King's African Rifles, lakini wajukuu zao walipata taabu kutambuliwa kuwa raia wa Kenya. Mtoto mchanga hawezi kudai uraia wake. Basi mwaka 2009 mashirika mawili yaliwatetea watoto hao mbele ya Kamati ya Wataalamu ya Afrika ya Haki na Ustawi wa Mtoto, na mwezi Machi 2011 Kamati ikaamua kwamba haki zao zilivunjwa. Shauri lilianza kwa karatasi, bila kelele yo yote. Hata hivyo Mwingereza angelitumia maneno yale yale aliyoambiwa mama wa Kawangware. Na dai la ardhi, ambalo Wanubi walilisema wenyewe kwa miaka mingi, liliwapatia hati ya eka 288 mwaka 2017.