Lita ya mafuta ikifika Arua

Kwa miaka mingi umeme wa Arua ulikuja kwa lori. Mafuta mengi ya Uganda hushushwa Mombasa. Haya nayo yalivuka mpaka, yakapita Kampala, yakavuka Nile pale Pakwach, ndipo yakaanza kupanda kuelekea mjini. Yalikuwa mafuta mazito, meusi, yakipoa huganda kama lami, kwa hiyo sharti yapashwe moto kabla ya kuingia kwenye injini. Mtambo ulikula nishati kabla haujampa mteja hata taa moja.

Lita moja ya mafuta hayo hubeba takriban kilowati-saa 11. Injini nzuri, ikifanya kazi karibu na uwezo wake wote, hugeuza kama nne na nusu tu kuwa umeme. Zilizobaki huondoka na moshi na maji ya rejeta. Na hapo tunazungumzia injini iliyopewa mzigo wa kutosha, jambo ambalo Arua ililipata kwa saa chache tu za jioni.

WENRECo, kampuni iliyokuwa chini ya Mfuko wa Aga Khan wa Maendeleo ya Kiuchumi, ilikabidhiwa umeme wa West Nile, eneo la Arua, mwaka 2003 na ikaanza na mtambo wa takriban megawati 1.5. Saa mbili usiku kila nyumba yenye umeme imewasha taa na televisheni, injini inahema. Saa tisa usiku zimebaki friji za maduka na wodi za hospitali. Injini ya dizeli ikizungushwa kwa robo ya uwezo wake hula mafuta mengi zaidi kwa kila yuniti, na masizi hujaa kwenye vali. Ndiyo maana wenye mitandao midogo namna hii hupenda kuizima usiku, wateja walalamike wapendavyo.

Mwaka 2012 maji ya mto Nyagak, wilayani Zombo, yalianza kutoa hadi megawati 3.5. Lakini mto hupungua kiangazi, na mji haukusubiri. Ikabidi yaongezwe majenereta ya mafuta.

Koboko, kwenye barabara ya kwenda Oraba, mafundi wa kuchomelea mageti walikuwa na jibu lao: kijenereta cha petroli kando ya mlango. Fundi akigusisha fimbo ya kuchomelea, injini inanguruma. Akiinua kioo cha uso akague kiungo, akiwasha sigara, akipatana bei na mteja, injini inaendelea kuchoma petroli. Kijenereta cha aina hiyo hutoa umeme wa kama moja ya tano ya nishati iliyomo ndani ya petroli, na hapo ni pale kinapofanya kazi kweli.

Wahandisi wa mitambo ya gesi wana hadithi ya kujivunia zaidi. Turbaini ya gesi ya kwanza ya kuhudumia mji, Neuchâtel huko Uswisi mwaka 1939, ilikuwa na ufanisi wa asilimia 17 na ushei. Kituo cha Bouchain, Ufaransa, kilivuka asilimia 62 mwaka 2016. Siri ni kutoutupa moshi: ukitoka kwenye turbaini bado una joto la zaidi ya nyuzi 500, unaelekezwa kuchemsha maji, mvuke unazungusha turbaini nyingine. Kinyerezi II, Dar es Salaam, imejengwa hivyo, turbaini sita za gesi na mbili za mvuke, megawati 240 kwa jumla.

Je, mtambo kama huo ungeifaa Arua? Hata gesi ingekuwepo, nina shaka. Turbaini huishi kwa hewa, na uwezo unaoandikwa kwenye kibao chake hupimwa usawa wa bahari, kwa nyuzi 15. Arua iko mita 1,200 hivi juu ya bahari na alasiri za Februari huvuka nyuzi 30. Hewa nyepesi, hewa ya moto: megawati 10 za kwenye kibao zingebaki karibu nane. Na usiku ule tatizo la mzigo lingerudi palepale, kwa sababu turbaini isiyo na mzigo ni mlafi kuliko dizeli.

Kilichoinua ufanisi wa West Nile ni waya. Laini ya kilovoti 132 inayotoka Kole kupitia Gulu na Nebbi iliiunganisha Arua na gridi ya taifa mwaka 2024, mwaka uleule Karuma, bwawa la megawati 600, lilipozinduliwa rasmi. Sasa saa tisa usiku ya Arua inachanganyika na ya Kampala na Jinja, na hakuna injini inayozungushwa kwa ajili ya friji tatu.

Waya nao una hasara zake. Umeme uleule ukisafirishwa kwa kilovoti 33 badala ya 132, mkondo huwa mara nne, na upotevu kwenye waya wa unene uleule huwa mara 16. Kipande cha Arua hadi Koboko ni cha kilovoti 33. Volti ikishuka jioni, fimbo ya fundi hunata kwenye chuma badala ya kuyeyuka. Kwa hiyo Nyagak III, mradi wa megawati 6.6 kwenye mto uleule wa Zombo, una kazi kubwa kuliko namba yake: kushikilia volti upande huu wa Nile, hasa siku ile laini ndefu ya Kole itakapopata hitilafu.