Sous-traitance ya ndege: nani atakataa kuweka sahihi?

Mu Kolwezi na Lubumbashi, neno sous-traitance halihitaji kufasiriwa. Kampuni kubwa inatoa kazi kwa kampuni ndogo, na mtu anajikuta anafanya kazi ile ile, kwa mshahara mdogo, chini ya kofia ya rangi ingine. Mafundi wa ndege nao wanaijua. Kisa kimoja cha Marekani, cha mwaka 2005, kinaonyesha vile inaanza, na kwa nini masendika yanasema si mambo ya mshahara tu.

Mgomo wa Northwest

Tarehe 20 mwezi wa nane 2005, watu karibu 4,400 wa kampuni ya Northwest Airlines waliacha kazi: mafundi, pamoja na wale wanaosafisha ndege na majengo. Sendika yao iliitwa AMFA. Kampuni ilitaka kupunguza gharama zao kwa dola milioni 176 kila mwaka. Mishahara ingeshuka kwa karibu robo, na nafasi za kazi karibu 2,000 zingepotea, kwani kazi nyingi zingepelekwa kwa makampuni ya inje.

Kampuni nayo ilikuwa na sababu zake. Tangu mwaka 2001 ilikuwa inapoteza pesa, na bei ya mafuta ilikuwa imepanda. Tena ilikuwa imejitayarisha: siku ya mgomo, mafundi wa kuchukua nafasi walikuwa tayari, na ndege ziliendelea kuruka. Marubani na wahudumu, walio na masendika yao wenyewe, hawakugoma. Tarehe 14 mwezi wa tisa, kampuni iliomba ulinzi wa mahakama juu ya madeni. Kazi za waliogoma zikapewa wengine moja kwa moja. Mgomo ulifungwa mwezi wa kumi na moja 2006, na wengi hawakurudi kazini.

Malalamiko yanapita wapi?

Mu Marekani, wafanyakazi wa ndege wako chini ya sheria ya reli ya mwaka 1926, iliyoongezwa kwa ndege mwaka 1936. Sheria hiyo inagawa ugomvi mara mbili. Kama fundi analalamikia mkataba uliopo, tuseme amenyimwa pesa za saa za ziada ao amepewa adhabu bila haki, hawezi kugoma. Lalamiko linaandikwa, linapelekwa kwa wakubwa, halafu baraza lenye watu wa kampuni na wa sendika linaamua. Wasipopatana, mwamuzi wa inje anakata maneno. Kama ni kutunga mkataba mpya, wanapitia kwanza upatanishi wa serikali, kisha siku 30 za kungoja, njo mgomo unaruhusiwa.

Faida yake ni kwamba ndege hazisimami kwa kila ugomvi. Hasara yake ni kwamba lalamiko linaweza kulala muda mrefu. Na kazi ikitolewa inje, mara nyingi hata njia hiyo inakatika. Fundi wa kampuni ya kandarasi hayuko mu mkataba ule, anaweza kukosa mjumbe wa sendika wa kumuita, na kandarasi ikiisha, kazi yake nayo inaweza kuisha.

Na abiria je?

Ndege haitoki karakana bila mtu kuweka sahihi kwamba kazi imefanyika. Tarehe 11 mwezi wa tano 1996, ndege ya ValuJet ilianguka mu mabwawa ya Florida, na watu wote 110 wakafa. Uchunguzi ulionyesha kwamba vyombo vya kutoa oksijeni, vilivyoondolewa kwenye ndege zingine, vilipakiwa kama mzigo bila vifuniko vya usalama, vikawasha moto. Kazi ya kuviondoa ilifanywa na kampuni ya kandarasi, SabreTech. Vifuniko havikuwekwa, lakini kwenye karatasi za kazi kulikuwa na sahihi kwamba vimewekwa.

Hiyo haina maana kwamba kila fundi wa kandarasi anafanya vibaya. Karakana lazima ikubaliwe na serikali. Tena, sheria ya Marekani ya mwaka 2000 inamlinda hata mfanyakazi wa kandarasi anayefichua kosa la usalama: akiadhibiwa juu ya hilo, ana siku 90 za kushitaki. Lakini haki iliyo kwenye karatasi ni kitu kimoja. Kuwa na mtu wa kusimama nawe siku ile unamwambia mkubwa “sisaini” ni kitu kingine. Njo maana sendika inaogopa sous-traitance hata pale mshahara haujaguswa.

Kongo nayo ina sheria ya sous-traitance, ya tarehe 8 mwezi wa pili 2017, inayopanga ni kampuni gani zinaweza kupata kandarasi. Kwa mfanyakazi, kunabaki maswali mawili ambayo mjumbe wa sendika anaweza kuuliza mbele kazi haijatolewa inje: lalamiko litapelekwa kwa nani, na nani ana haki ya kusimamisha kazi isiyo salama bila kufukuzwa?