Habari za Mpingo, Mti Ukuao Polepole

Leo twataka kuwaelezeni habari za mti ambao karibu sote twalijua jina lake, walakini si wengi kwetu wawezao kuutambua porini. Mti huo ni mpingo.

Hapa Nkuhungu, na katika uwanda wote wa Dodoma, tuna msimu mmoja tu wa mvua, tangu Desemba hata Aprili, na mvua yenyewe yapata milimeta 570 kwa mwaka. Mpingo huvumilia ukame wa namna hii: kiangazi kinapofika hupukutisha majani yake, ukangoja. Huota pia katika nchi nyingine nyingi, toka Senegal na Ethiopia hata Afrika ya Kusini. Lakini ule wa biashara hutoka hasa Tanzania na Msumbiji.

Je, tutautambuaje? Si mti mrefu. Aghalabu haupiti mita 10, nao mara nyingi una mashina mengi yaliyopindika. Gome lake ni la rangi ya kijivu, na matawi yake yana miiba. Maua yake ni madogo, meupe, yenye harufu nzuri, na mbegu zake zimo katika maganda membamba kama karatasi. Ni jamaa ya kunde na maharagwe, na kama hizo hurutubisha udongo kwa mizizi yake. Mifugo hupenda majani yake.

Ukiukata utaona mbao za namna mbili: nje nyeupe, ndani nyeusi. Hiyo nyeusi ndiyo yenye thamani. Mita moja ya ujazo ya maji ina kilo 1,000, lakini ya mpingo ina kilo 1,200 na zaidi. Ndiyo sababu gogo lake huzama. Wazee wetu waliufanya michi, fimbo na mipini. Wamakonde huchonga vinyago. Na mafundi wa Ulaya hufanyiza zumari ziitwazo klarineti.

Lakini ugumu huo hauji upesi. Haba na haba hujaza kibaba: mpingo hutaka miaka 70 au zaidi hata ufae kupasuliwa mbao. Basi anayeukata leo huenda akakata mti ulioota kabla hajazaliwa babaye.

Tena yuko adui mwingine, naye ni moto. Mche mchanga huungua juu, kisha huchipua tena toka mizizini. Mwaka wa pili huungua tena. Hivyo waweza kukaa miaka mingi usipite kimo cha mtoto. Mti mkubwa nao ukiunguzwa mara kwa mara hupata jeraha, na moyo wake huoza, ukawa na pango ndani.

Mataifa yaliliona jambo hili. Tangu mwaka 2017 biashara ya mpingo kati ya nchi na nchi imewekwa chini ya mapatano ya kulinda viumbe, na sheria ya Tanzania yakataza kuukata bila kibali.

Walakini sheria haizimi moto. Hapana budi sisi wenyewe tulime njia ya kuzuia moto kabla nyasi hazijakauka sana, tusafishe nyasi kandokando ya machipukizi tuyaonayo, na tuwafundishe watoto kuyatambua wanapochunga. Mpingo wenye mizizi hai hauhitaji kupandwa upya. Wahitaji kuachwa ukue.